Kesho saa nne usiku: Kongwa, Bayi na fainali ya raga

Kesho Jumamosi, Oktoba 28, saa nne kamili usiku kwa saa zetu, Afrika Kusini na New Zealand wanaingia Stade de France, pale Saint-Denis nje kidogo ya Paris, kucheza fainali ya Kombe la Dunia la raga la 2023. Kila mmoja anayo makombe matatu. New Zealand walibeba 1987, 2011 na 2015; Afrika Kusini 1995, 2007 na 2019. Atakayeshinda kesho atakuwa wa kwanza duniani kufikisha manne. Wiki nzima sijielewi. Naanza kazi, nasimama. Nalala, naamka saa nane usiku nikipanga kikosi ambacho hakuna aliyeniomba nikipange.

Najua mji wetu wa Dodoma una mambo yake wiki hii. Simba katolewa na Al Ahly kule Cairo Jumanne, na wenye timu yao bado hawajapoa. Watani wa jadi wanakutana Novemba 5, na ukipita Jamatini, sokoni Majengo au kijiwe chochote cha bodaboda, mada ni hiyo moja. Kwenye joto hili la Oktoba, vumbi linapaa na mvua bado haijulikani itashuka lini, watu wanabishana juani kana kwamba mechi ni leo jioni. Sina ugomvi na hilo hata kidogo. Tena yaliyompata Simba yananisaidia, maana wiki hii sihitaji kumweleza mtu yeyote Dodoma mtoano ni kitu gani. Sare ya 2-2 kwa Mkapa, sare ya 1-1 Cairo, hajafungwa mechi hata moja, na bado kafungasha virago kwa sheria ya bao la ugenini. Mwana Simba yeyote anajua kwamba kwenye hatua hii unaweza kucheza vizuri ukaenda nyumbani. Mkamateni maneno yake, kisha njooni tuzungumze raga.

Kwa sababu njia waliyopita Afrika Kusini kufika fainali ni hiyohiyo, ila wao wamekuwa upande uliopona. Robo fainali, Oktoba 15, waliwatoa wenyeji Ufaransa 29-28. Wiki moja baadaye, nusu fainali, wakawatoa England 16-15. Pointi moja, halafu pointi moja tena. Kwenye mchezo ambao trai moja, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli wa wapinzani, ni pointi tano na penalti ni tatu, pointi moja ni kama hakuna.

Naomba nikae kidogo kwenye ile ya Ufaransa, kwa sababu kuna kitu pale ambacho kila nikikirudia kichwani nywele zinasimama. Ukifunga trai unapewa mkwaju wa nyongeza, pointi mbili. Mpigaji anaweka mpira chini, anarudi nyuma, anavuta pumzi, anapiga. Wapinzani wanasubiri kwenye mstari wao wa goli, na mara nyingi wanasimama tu, wengine wameinama wanatafuta pumzi. Sheria inawaruhusu kumkimbilia mpigaji pale tu anapoanza kuusogelea mpira, lakini umbali ni mkubwa na karibu hakuna anayefika. Ufaransa wamefunga trai yao ya pili, Thomas Ramos anajiandaa. Cheslin Kolbe, mtu mfupi kuliko karibu wote uwanjani, yuko pale mstarini macho kwa Ramos. Ramos alipotikisika tu, Kolbe akafyatuka. Akafika. Akaruka mikono juu, akauzima mpira. Pointi mbili zikapotea dakika ya ishirini na kitu, wakati ambapo hakuna aliyekuwa anahesabu moja moja. Mwisho wa mechi tofauti ikawa moja. Fanyeni hesabu wenyewe.

Hicho ndicho kinachonifanya niupende mchezo huu kwenye mtoano kuliko wakati mwingine wowote. Wenye kuutazama juujuu wanaona miili mikubwa inagongana. Lakini anayekaa na hesabu dakika zote 80 anaona kwamba mechi inaweza kuwa imeamuliwa na jambo ambalo tisa kati ya kumi wanaona halina haja ya kukimbiliwa.

Nusu fainali tuliitazama wachache tu, kwenye baa ya kule Nkuhungu ambayo mwenyewe ametuvumilia tangu mashindano yaanze. Mvua ilikuwa inanyesha Paris, mpira unateleza, England wakawa mbele 15-6 na saa inakwenda. Meza ya jirani walikuwa wameshatuomba mara mbili tubadilishe chaneli. Kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa ameingia kuchaji simu tu, akaniuliza, "Kaka, sasa hawa wakiinama na kusukumana wanagombea nini?" Nikamwonyesha Ox Nché, yule mnene wa mbele kabisa aliyeingia kutoka benchi, nikamwambia amtazame yeye tu, asiangalie mpira. Skramu ya kwanza, ndiyo hiyo ya kuinama na kusukumana, akatazama. Ya pili akavuta kiti. Akasema, "Ahaa, ni kama kusukuma fuso lililokwama, yule wa pembeni akiteleza wote mmeumia." Sikuwa na la kuongeza. Skramu ya England ikaanza kuporomoka, penalti zikaanza kuja. Dakika ya 69 RG Snyman akazama na trai, Handré Pollard akaongeza, 15-13. Zimebaki dakika mbili na kidogo, penalti nyingine ya skramu, karibu na katikati ya uwanja, mita karibu 50 kutoka golini, kwenye mvua. Pollard, ambaye hakuwemo hata kwenye kikosi cha mwanzo cha mashindano na aliitwa baada ya Malcolm Marx kuumia, akaupiga. Ukapita katikati. Kijana wa bodaboda alikuwa amesimama juu ya kiti. Simu yake ilikuwa imeshajaa muda mrefu.

Kesho anakuja na wenzake.

Lakini mtu ambaye nimemsubiri wiki hii kuliko hata mechi yenyewe ni baba yangu mkubwa. Anakaa Kongwa, na alikuja mjini Jumatatu kwa shughuli zake za hospitali. Nilipomwamkia na kumwambia kwamba Jumamosi Afrika Kusini wanacheza fainali, alinitazama kwa muda. "Springbok?" akauliza. "Ile timu ya makaburu?"

Kwa wasomaji vijana inabidi nieleze kwa nini neno hilo lina uzito likitoka kwa mzee wa Kongwa. Ukitoka hapa kwa barabara ya Morogoro, ukachepuka pale Mbande, unafika Kongwa, mahali ambapo Waingereza walianzisha mpango wao mkubwa wa karanga mwaka 1947 wakauacha mwaka 1951 baada ya kupoteza mamilioni ya pauni. Babu yetu alifanya kazi kwenye mashamba yale. Miaka michache baada ya uhuru, eneo lilelile likawa kambi ya wapigania uhuru. FRELIMO wa Msumbiji walikuwepo, SWAPO wa Namibia, MPLA wa Angola, na Umkhonto we Sizwe, jeshi la ANC ya Afrika Kusini, ambao waliingia mwaka 1964. Chris Hani alipita pale. Samora Machel alipita pale. Baba mkubwa alikuwa mtoto wa shule. Anasema waliwaona wale vijana sokoni, wakacheza nao mpira, na wapo waliozaa na wenyeji. Wengine hawakurudi kwao tena. Makaburi yao yako palepale Kongwa hadi leo.

Kwa hiyo kwa mtu aliyekulia pale, jezi ya kijani na dhahabu si jezi tu. Raga ilikuwa mchezo wa utawala wa kibaguzi. Weusi wengi wa Afrika Kusini walipoingia uwanjani, wakitengwa kwenye kona yao, waliishangilia timu ngeni, yeyote yule, mradi amfunge Springbok. Kwenye Kombe la Dunia la kwanza, 1987, na la pili, 1991, Afrika Kusini hawakuwepo kwa sababu dunia ilikuwa imewatenga. "Mimi nimshangilie yule?" akasema baba mkubwa. "Hapana, mwanangu."

Nikamuuliza, basi atawashangilia New Zealand? Hapo ndipo akacheka kidogo na kunikumbusha jambo ambalo nilikuwa nalijua vipande vipande lakini sikuwahi kuliunganisha na fainali hii.

Mwaka 1976 New Zealand walikwenda kucheza raga Afrika Kusini. Walikwenda mwaka uleule, miezi ileile, ambayo polisi wa makaburu waliwamiminia risasi wanafunzi wa Soweto, Juni 16. Nchi za Afrika zikadai New Zealand waondolewe kwenye Olimpiki ya Montreal. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikakataa, ikasema raga si mchezo wa Olimpiki. Basi nchi zaidi ya 20 za Afrika zikagoma, Tanzania ikiwemo. Na Tanzania ilikuwa na nini cha kupoteza? Ilikuwa na Filbert Bayi.

Februari 2, 1974, kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola, Bayi alikimbia mita 1,500 kwa dakika 3:32.2, rekodi mpya ya dunia. Aliongoza tangu mlio wa bastola hadi utepe, jambo ambalo wakimbiaji wa mbio zile hawakulizoea kabisa. Aliyeshika nafasi ya pili, naye chini ya rekodi ya zamani, alikuwa John Walker. Walker ni wa New Zealand. Na mbio zenyewe zilikimbiwa Christchurch, New Zealand, mbele ya watu wake. Dunia nzima ikakaa kusubiri wawili hao wakutane tena Montreal. Hawakukutana. Walker akachukua dhahabu kwa dakika 3 na sekunde 39, karibu sekunde saba nyuma ya muda wa Bayi wa Christchurch. Bayi alikuja kupata fedha ya kuruka viunzi na maji mita 3,000 Moscow mwaka 1980. Hiyo na ya Suleiman Nyambui kwenye mita 5,000 mwaka huohuo ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo nchi hii inazo mpaka ninapoandika.

Watu wananiambia raga si mchezo wetu. Nimeusikia wimbo huo tangu nianze kuleta habari za mashindano haya kazini. Sasa najibu hivi: ziara moja ya raga, kati ya nchi mbili hizihizi zinazocheza kesho, ilitugharimu mbio ambazo pengine zingetupa dhahabu ya Olimpiki. Na kambi iliyowalea vijana waliokuja kuuangusha utawala uliokuwa nyuma ya jezi ile ilikuwa ndani ya mkoa huu huu wa Dodoma. Tumeilipia fainali hii kabla wengi wetu hatujazaliwa. Haki ya kuitazama tunayo, na haki ya kuchagua upande pia tunayo.

Kwa haki lazima niseme na la upande wa pili, na nilimwambia baba mkubwa. Mwaka 1981 Springbok walipokwenda New Zealand, watu wa huko waliingia barabarani kwa maelfu. Mjini Hamilton waliingia mpaka katikati ya uwanja, mechi ikafutwa. Familia zilivunjika meza moja kwa ajili ya ubaguzi uliokuwa unafanyika bara jingine. Taifa lililopiga kelele dhidi ya timu yake lenyewe siwezi kulibeba lote kwa kosa la 1976. Mzee alinyamaza, akasema hilo halijui, akaniomba nimtafutie picha. Nilimwonyesha kwenye simu. Aliziangalia kwa muda mrefu zaidi kuliko nilivyotarajia.

Kisha nikamwonyesha Siya Kolisi.

Mwaka 1995 Mandela alivaa jezi namba 6 ya nahodha Francois Pienaar pale Ellis Park, Afrika Kusini ikawafunga hawa hawa New Zealand 15-12 kwa mkwaju wa Joel Stransky katika muda wa nyongeza. Picha ile kila mtu anaijua, na baba mkubwa anaijua. Ilikuwa picha nzuri, lakini kikosini Chester Williams peke yake ndiye hakuwa mzungu, na mzee ana haki ya kusema kwamba siku moja ya furaha haifuti miaka. Sitaki kubishana naye hapo. Ninachomwomba aangalie ni namba 6 wa kesho. Kolisi amezaliwa Zwide, kitongoji cha weusi cha Port Elizabeth, akalelewa na bibi yake katika umaskini wa kweli. Amezaliwa Juni 16, 1991. Tarehe ya Soweto, siku ambayo watoto wetu hapa huandamana na mabango kuadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika. Ndiye mweusi wa kwanza kuwa nahodha wa Springbok kwenye mechi za kimataifa, akabeba kombe Yokohama mwaka 2019 walipoifunga England 32-12, na Aprili mwaka huu alifanyiwa upasuaji wa goti ambao wengi tulidhani umemfungia mlango wa mashindano haya. Kesho anaingia uwanjani mbele ya wenzake.

Mimi nashangilia Afrika Kusini, nasema wazi. Si kwa sababu ni Waafrika tu. Ni kwa sababu jezi ile ilichukuliwa kutoka kwa wenyewe wa zamani na kuvalishwa mtoto wa Zwide, na vijana waliolala kwenye mahema ya Kongwa walikuwa wanapigania jambo la namna hiyo hata kama hakuna aliyewaza raga.

Sasa mechi. Kocha Jacques Nienaber alitangaza kikosi jana, na benchi lake lina watu saba wa mbele, yaani wale wa kusukuma skramu, na mmoja tu wa nyuma, wale wa kukimbia na mpira, Willie le Roux. Saba kwa moja! Maana yake wakiumia wachezaji wawili wa nyuma mapema, mambo yanaharibika. Anacheza kamari, lakini naielewa: anataka skramu ya dakika ya 70 iwe na watu wapya, kama ilivyowavunja England. Pollard anaanza na namba kumi, Faf de Klerk na tisa. Hapo roho yangu inatulia. Manie Libbok, namba kumi mwingine wa kikosi, ana kipaji kikubwa, ila mechi ya pointi moja inamtaka mtu ambaye mguu wake hautetemeki.

Wanaoniambia kwamba New Zealand ni laini kwa sababu Agosti walipigwa 35-7 na Afrika Kusini hawahawa pale Twickenham, naomba waitazame robo fainali yao na Ireland. Ireland walikuja na ushindi wa mechi 17 mfululizo. Mwishoni, New Zealand wakiongoza 28-24, Ireland walishika mpira awamu 37 bila kuupoteza, wakikabwa wanaanza tena, wanasogea, wanasogea, na ukuta wa jezi nyeusi haukufunguka mpaka Sam Whitelock akaupora. Timu inayoweza kukaba hivyo mwisho wa mechi haiogopi benchi la mtu yeyote. Halafu nusu fainali wakaichapa Argentina 44-6, Will Jordan trai tatu. Ardie Savea anacheza raga bora ya maisha yake. Wamepumzika siku moja zaidi, na mechi yao ya nusu ilikuwa nyepesi wakati wenzao walivuliwa nguvu zote na England. Hilo la uchovu ndilo linaloniamsha usiku.

Utabiri wangu: Afrika Kusini, tofauti isiyozidi pointi tatu, na sitashangaa ikiwa moja tena. Trai zitakuwa chache. Atakayeadhibiwa kwa kadi ya njano kwa wakati mbaya ndiye atakayelia.

Kwa wanaokuja Nkuhungu: mechi ya Wolves na Newcastle inaanza saa moja na nusu, ikiisha tu skrini kubwa ni yetu, mwenye baa amekubali kwa mdomo wake. Mgao wa umeme mnaujua. Jenereta lipo, mafuta tunachangia, na king'amuzi kimelipiwa, hilo nimelihakikisha mwenyewe. Fikeni kabla ya saa nne kasoro robo ili muwahi nyimbo za taifa, kwa sababu wa Afrika Kusini unaanza na Nkosi Sikelel' iAfrika, ule ule muziki wa Enoch Sontonga ambao sisi tunauimbia Mungu Ibariki Afrika. Tukianza kuuimba kwa Kiswahili nadhani meza ya jirani haitaomba tubadilishe chaneli.

Baba mkubwa alipaswa kurudi Kongwa leo asubuhi. Kanipigia mchana, anasema ameahirisha mpaka Jumapili, na anataka kiti chenye mgongo, karibu na skrini kwa ajili ya macho yake. Hajaniambia atamshangilia nani. Mwenye baa anaomba idadi ya viti kabla ya kesho saa tisa alasiri, basi anayekuja aniandikie mapema.